Barafu Haitolewi kwa Kisu

Walisema sitaweza kutengeneza hata pasi ya makala, ile ya mkaa. Watu wa avenyu yetu walilisema hilo mbele yangu bila kupunguza sauti, na mpaka leo nakumbuka kila neno na mdomo uliolitoa. Muuza makala wa kona alivitazama viganja vyangu akasema hivi ni viganja vya koleo: nitaishia kwenye migodi ya Mashamba na vijana wengine, nikibeba mifuko ya mawe mpaka mgongo ukatae. Mama mdogo, ndugu yake mama, aliapa kwamba siku nitakayoleta diploma nyumbani ataifunga mgongoni kwa kitenge na kuitembeza sokoni kama mtoto mchanga.

Nilimletea. Nilisimama mlangoni kwake nimevaa suti, viatu vinang'aa, nikamwambia, "Mama mudogo, leta kitenge." Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hakuibeba, lakini avenyu nzima ilisikia.

Sasa diploma hiyo iko ukutani kwenye karakana yangu, nyuma ya kioo. Nilisoma Lubumbashi huku nikiosha magari ya watu, nikavuka mpaka nikafanya kazi Ndola, nikashuka hadi Johannesburg, na kote huko niliitwa pale wengine waliposhindwa. Nimerudi Kolwezi na gari langu na vyombo vyangu. Chumba cha baridi cha muuza samaki kikilala, mimi ndiye ninayetafutwa. Naweka kiganja kwenye ubavu wa frigo na kuutaja ugonjwa wake kabla mwenyewe hajamaliza kulalamika. Si majivuno. Anayebisha alete frigo yake.

Ila kuna harufu moja inayonishinda. Ukikata bomba la frigo ya zamani, gesi iliyobaki hutoka kwa pumzi fupi, na nyuma yake huja harufu ya mafuta ya mashine, nyepesi, kama ya cherehani iliyosahauliwa ndani ya sanduku. Vijana ninaowafundisha hawaisikii. Mimi kila nikiinusa ninarudi kuwa na miaka minane, niko peke yangu jikoni kwa mama, na kisu kiko mkononi.

Mama alikufa kiangazi kilichopita. Baada ya matanga nilikwenda kufungua nyumba, nikaikuta frigo yetu imesimama palepale pembeni. Miaka mingi haikuwa imeonja umeme. Mama aliigeuza kabati, akaweka ndani unga, sabuni na nguo zake za kanisa. Nilifungua kimlango cha juu, cha sehemu ya barafu, nikapitisha kidole kwenye bati la ndani. Nikalipata donge la gundi, dogo kama punje ya haragwe. Bado lilikuwa limeshika.

Niliketi sakafuni. Watu walioniona wakadhani namlilia mama.

Frigo ile aliinunua baba wakati alipokuwa na kazi nzuri kwenye karakana ya mgodi. Ililetwa kwa mkokoteni, watoto tukiusindikiza kwa nyimbo kama msafara wa bibi harusi. Katika avenyu yetu ilikuwa pekee, na kuanzia siku hiyo mama alipoteza jina lake. Hakuitwa tena kwa jina la ubatizo wala kwa jina langu. Akawa Mama Frigo. Aliuza maji ya baridi katika vifuko vya plastiki, na majirani walimletea samaki na nyama zao awahifadhie.

"Mama Frigo, baridi iko?" walipiga kelele kutoka barabarani.

"Baridi iko, ila courant njo ilienda kutembea," mama alijibu, na umeme ulikuwa kweli umekatika tangu asubuhi. Alikuwa mwepesi wa maneno siku zile.

Nyumbani tulikuwa wanne. Wa nne alikuwa yaya Solange, dada yangu mkubwa kwa malezi, binti wa kaka yake baba. Baba yake alipokufa aliletwa kwetu kutoka Kasaji, na mimi nilikuwa bado mgongoni. Mgongo wenyewe ukawa wake. Nilipokuwa na miaka minane yeye alikuwa na kama kumi na sita. Kila Jumamosi ilikuwa kazi yake kuyeyusha barafu ya frigo. Aliichomoa, akaacha mlango wazi, akaweka beseni chini, kisha akaketi karibu na kunisukia hadithi huku matone yakianguka moja moja. Nilikuwa nasinzia kwa sauti ya matone yale.

Kisha baba akapoteza kazi. Akaanza biashara ya njia ya Dilolo: anapanda treni na mizigo, anarudi na samaki wa chumvi na nguo kutoka ng'ambo, Angola. Mara ya mwisho, kabla hajaondoka, alinunua samaki mmoja mnene, tomsoni, akamfunga ndani ya plastiki, akamlaza mwenyewe kwenye barafu.

"Hii ni yangu," alisema. "Mutu asiiguse. Nitakuya kuikula."

Mvua zikaanza, zikaisha. Baba hakuja.

Mama hakumgusa samaki yule, wala hakuruhusu aguswe. Na kwa kuwa barafu ikiyeyuka samaki naye angeharibika, alimkataza yaya Solange kuyeyusha. Jumamosi zikapita bila beseni. Barafu ikaanza kujaa kutoka kwenye kuta za kile chumba kidogo, nyeupe, yenye vinyweleo, ikamfunika samaki ubavu, kisha kichwa. Nilikuwa naifungua frigo kila siku ili nimwone. Mwishoni ulibaki mkia tu, ukichungulia kama mkono wa mtu aliyezama.

Wakati huohuo nilimsikia mama mdogo, nyuma ya jiko, akimwambia jirani: "Ule mwanaume alikamata fuite. Dada yangu anangoya nini?"

Neno hilo nililijua. Mwalimu alikuwa ametusomea kwenye kitabu cha Kifaransa habari za sungura: mbwa alipotokea, sungura akakamata fuite, akatoroka. Kwa hiyo baba alikuwa sungura. Kilichonisumbua ni mbwa. Nilizunguka nyumba siku kadhaa nikimtafuta mbwa aliyemkimbiza baba, nikachungulia chini ya kitanda, nyuma ya pipa la maji, hata ndani ya choo. Chini ya kitanda cha mama sikuona mbwa. Niliona jozi ya kandambili mpya, nyekundu, kubwa kuliko miguu yangu. Nikajiambia zinangoja Noeli. Sikumwambia mtu, ili nisiharibu furaha ya mwenyewe.

Siku mkia wa samaki ulipofunikwa wote, niliogopa kweli. Niliona jambo liko hivi: baba atarudi, atafungua frigo, hatamwona samaki wake, atadhani tumemla. Atakasirika, atageuka na kurudi kituoni. Ilibidi samaki aonekane.

Mama alikuwa sokoni. Yaya Solange alikwenda bombani na ndoo. Nilichukua kisu kidogo cha jikoni, nikapanda juu ya kigoda, nikaanza kuchimba. Nilichimba kama nilivyowaona vijana wa migodi wakichimba: unatafuta mstari wa jiwe, unaufuata, hurudi nyuma. Vipande vya barafu viliniingia ndani ya shati. Mkia ukatokea. Nikafurahi, nikapiga kwa nguvu zaidi, na ncha ya kisu ikagonga kitu kisicho barafu.

Psss.

Ilikuwa sauti ndogo sana, kama mtu anayekutaka unyamaze. Ikaja ile harufu ya mafuta. Niliweka kidole, nikahisi pumzi inanisukuma. Nilikimbilia kipande cha sabuni ya kufulia, nikakandika hapo, nikakibonyeza kwa dole gumba mpaka sauti ikapungua. Kisu, ambacho ncha yake ilikuwa imekatika, nilikizika ndani ya mfuko wa makala. Kisha nikafunga mlango wa frigo na kusimama mbele yake, kama mlinzi.

Siku ya pili maji yalikuwa vuguvugu. Siku ya tatu wateja wakaanza mzaha.

"Mama Frigo, mayi yako iko na homa."

"Ni courant," mama alisema. "Courant iko zaifu."

Siku ya nne hapakuwa tena na mzaha. Wanawake walikuja na mabeseni yao kuchukua samaki zao. Mmoja alifungua kifuko chake, akanusa, akakifunga. Alimtazama mama toka kichwani hadi miguuni. "Hii si frigo," akasema. "Hii ni jiko. Ungetuambia tukuletee na chumvi." Mama alisimama na mikono yake imelowa. Ilikuwa mara ya kwanza namwona akikosa neno.

Ndipo akaitwa Tata Mutombo. Alikuwa fundi wa frigo, mzee wa asili ya Kasai, mtoto wa mfanyakazi aliyeletwa zamani kwa ajili ya mgodi. Aliongoza kwaya ya kanisa, na kwa sababu hiyo au nyingine alivaa tai hata alipolala chini ya mashine. Aliingia, akamsalimu mama, kisha akaisalimu frigo kwa kuipigapiga begani.

Nimefundishwa na watu wenye madigrii, lakini uchunguzi bora niliowahi kuuona ni ule. Kwanza alipima umeme unaoingia. "Courant iko muzuri. Mama, usimusingizie." Kisha akabana kipande cha karatasi kwenye mlango, akafunga, akakivuta: kikagoma kutoka. "Kaushu ya mulango inakamata," alisema, akiugusa mpira wa pembeni. Akazungusha kifungo cha kupimia baridi mpaka kikalia, akasema nacho ni kizima. Akaweka sikio nyuma, kwenye kompresa, akafumba macho, akaanza kuguna kidogo kufuata mngurumo wake, kama anayetafuta sauti ya pili ya wimbo.

"Anaimba," alisema. "Sauti iko. Pumzi njo haiko."

Akashika zile nyaya nyeusi za nyuma, ambazo kwa frigo isiyo na ugonjwa huwa na joto. Zilikuwa baridi. Akamgeukia mama. "Gesi ilitoka. Frigo yako iko na fuite."

Frigo nayo! Niliitazama ilivyosimama pale na miguu yake minne mifupi, nikajaribu kufikiri itapitia mlango gani.

"Tata," niliuliza, "itaenda wapi?"

Alicheka. "Haiendi popote, mutoto. Kilichokuwa ndani njo kimeenda. Fuite ni vile: kintu inatoka, na haiagi."

Mama aliondoka chumbani. Alirudi baadaye kidogo, amenawa uso.

Tata Mutombo alitaka kuliona bati la ndani, lililokuwa bado limefichwa na barafu nene iliyobaki, na mimi, kwa woga wangu, nilimletea kisu kikubwa cha kukatia nyama. Hakukipokea. "Barafu haitolewi na kisu," aliniambia taratibu. "Unafungula mulango, unangoya." Yaya Solange akaleta beseni lake. Tuliketi sote, mama kwenye kiti, fundi kwenye sanduku la vyombo, yaya na mimi chini, tukisikiliza matone. Mkia tayari ulikuwa nje; ukafuata ubavu, kisha kichwa. Na harufu. Samaki wa baba alikuwa amelainika, macho yamegeuka maziwa. Mama alimchukua kwa mikono miwili, plastiki na yote, akatoka naye nyuma ya nyumba. Tulisikia jembe likigonga ardhi. Alipoingia alikuwa na udongo kwenye kucha, na kuanzia siku hiyo hakulitaja tena jina la baba mbele yangu.

Fundi aliingiza gesi kidogo ili atafute tundu. Alichanganya sabuni na maji, akatoa povu, tayari kulipaka kwenye bati mahali pote na kuangalia panapochemka. Hakufika mbali. Alisimamisha mkono.

"Mama, kuya uone. Mutu alishatia sabuni hapa mbele ya miye kufika."

Mama akainama. Nami nikanyoosha shingo. Ile sabuni yangu ilikuwa imekauka kwenye bati, na katikati yake alama ya dole gumba, wazi kama muhuri; pembeni palikuwa na mikwaruzo ya kisu. Dole dogo. Tata Mutombo alitazama alama ile, akatazama mikono yangu niliyoificha mgongoni, kisha akaanza kuikaza tai yake kana kwamba ndiyo iliyokuwa imeharibika.

"Nani?" mama akauliza.

Nilitazama beseni.

"Nauliza nani alikwangulaka hapa na kisu."

"Ni miye, mama," alisema yaya Solange. "Nilikuwa natafuta kutosha barafu inje. Munisamehe."

Nilifungua mdomo. Yaya akanifinya sikio, kwa upole na kwa nguvu, kama alivyofanya kanisani nilipotaka kucheka. Nikafunga mdomo. Mama alimtazama yeye, akatazama tena sabuni, akanitazama mimi. Nilingoja fimbo. Badala yake alisema, bila hasira yoyote, kama anayesoma tangazo: "Basi. Utaenda kwa nkambo wako, Kasaji. Treni ya kesho kutwa."

Nkambo huyo alikuwa mama mzaa baba. Nilishusha pumzi. Hakupigwa! Nilidhani utulivu ule wa mama ulikuwa huruma, na Kasaji ni matembezi, na aliyekwenda kumtembelea bibi hurudi.

Asubuhi ya safari yaya Solange alivaa kandambili nyekundu. Zilimtosha kabisa. Nikaona kweli mama amemsamehe, maana amempa mapema zawadi ya Noeli. Tulimsindikiza hadi kituoni. Treni ile ilikuwa inaendelea mpaka Dilolo, njia ya baba, kwa hiyo nilimvuta chini nikamnong'oneza:

"Ukimuona baba, umuambie samaki yake iliharibika. Umuambie tutanunua ingine."

"Nitamuambia, kadogo," alisema. Hakulia. Nililia mimi, tena kwa sababu muuza ndizi alinikanyaga.

Juma lililofuata Tata Mutombo alirudi na gundi ya mirija miwili. Aliichanganya juu ya kifuniko cha kopo, akaziba tundu, akaisubiri ikauke, akafyonza hewa yote, akajaza gesi. Jioni frigo ilitoa jasho, kisha ukungu, kisha baridi. Majirani wakarudi. "Mama Frigo, baridi iko?" Iko. Mimi nilichukua kigoda nikaketi mlangoni, nikatazama barabara ya kituoni. Tundu lilikuwa limezibwa. Nilingoja waliotoka warudi.

Niliketi pale siku nyingi. Kuna wakati mama alikuja akasimama nyuma yangu, akaniwekea mkono kichwani. Mkono ulikuwa baridi, umetoka kupanga maji. "Ingia ndani," alisema. "Huko hakuna kintu inakuya."

Hapo ndipo nilipoanza kuwa fundi, ingawa wenye midomo walichelewa kuona. Nilikua na wazo moja: mwenye kujua kuziba matundu hapotezi watu. Ni wazo la kitoto, lakini lilinivusha mpaka mitihani.

Nimezoea kusema kwamba sikusaidiwa na mtu. Nikiwa mkweli, niliazimwa vitu. Mchungaji aliniazima sanduku la safari. Rafiki yangu aliniazima suruali nyeusi ya kufanyia mtihani, ikanibana mpaka nikaandika nusu nimesimama. Mama mdogo, pamoja na kejeli zake zote, aliuza mbuzi ili nipate nauli. Tata Mutombo aliniazima vipimo vyake vya gesi, vyenye vioo viwili, nyekundu na bluu, akasema nitarudisha nikishapata vyangu. Niliporudi nililipa wote, mmoja baada ya mwingine, tena mbele ya watu, kwa sababu nilitaka waonekane wamelipwa. Sanduku kwa sanduku la ngozi. Suruali kwa suti. Mbuzi kwa mbuzi watatu. Tata Mutombo alikuwa amekwisha kufa. Nilimpelekea mwanawe vipimo vile vya zamani pamoja na vipya, na kwaya ikaniimbia.

Watu walisema, "Ule kijana hana deni na mutu." Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nimefika Johannesburg, lakini Kasaji sikuwahi kukanyaga. Daima palikuwa na sababu: barabara, mvua, kazi. Yule aliyeniazima ulimi wake, akasema badala yangu, hakuwahi kudai, na asiyedai ni rahisi kumsahau mchana.

Mpaka siku nilipoketi sakafuni kwa mama, kidole kiko juu ya gundi.

Nilipakia garini frigo mpya, ile inayotumia jua, na vibao vyake vya kunasa jua na betri yake. Nilivichagua mwenyewe; hakuna Kolwezi anayevifunga kunishinda. Njia ilinichosha. Nilipoingia Kasaji, baiskeli zilizobeba mihogo zilinipita kila upande, na kila niliyemuuliza alimjua: Mama Solange, wa unga, karibu na kituo.

Alikuwa amekaa nyuma ya meza, anachekecha unga. Amenenepa, nywele zimeanza mvi mbele. Alinitazama kidogo tu.

"Masikio ni yaleyale," alisema. "Kadogo. Karibu. Mama alikufa, nilisikia."

"Yaya, mbona hukukuya ku matanga?"

"Nani aliniita?"

Nikaenda kushusha mizigo garini. Nilipanda juu ya paa, nikafunga vibao, nikashusha waya, nikaeleza kwa sauti kubwa kila ninachofanya, wati ngapi, betri ya namna gani. Majirani walijaa. Bibi mmoja mwenye beseni la karanga akamuuliza, "Ule tajiri ni ndugu yako?" Yaya akasema ndiyo. "Na mbele ya leo alikuwa ku gereza?" Wakacheka wote. Nilijifanya nafunga skrubu.

Mashine ilipoanza kunguruma, nilimwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Kolwezi, yakatoka bila mpangilio.

"Yaya, kisu ile. Ilikuwa miye."

Hakuacha kuchekecha. "Niko najua. Nani alikuwa anawasha jiko? Nilikuta kisu mu makala siku ileile. Njo maana nilisema ni miye. We ulikuwa mudogo, nilizani mama atanipiga, biishe."

"Na alikufukuza. Ni kwa ajili yangu ulipoteza masomo, ulipoteza..."

"Kwa ajili yako?" Sasa aliweka chekeche chini. Alinitazama sana, karibu kwa huruma. "We, kadogo, toka utoto unapenda bintu byote bikuwe byako. Hata hii?" Akafuta unga mikononi. "Nkambo alipata habari yangu siku mingi mbele ya frigo kufa. Mutu wa baiskeli alimuletea: Solange anakuya, umungoye ku gare, treni ikifika. Baba yako hakurudia, chakula haikutosha, na miye nilikuwa mutoto wa upande wake. Mama alikuwa anatafuta tu mulango wa kunitoshea inje. Nilipomuambia ni miye, nilimufungulia mi mwenyewe."

Nikaziona kandambili nyekundu chini ya kitanda, siku nyingi kabla ya fundi kuitwa. Nikaiona alama ya dole gumba kwenye sabuni, na macho ya mama yakitoka kwenye alama kwenda kwenye mikono ya yaya, mikono mikubwa ya kufua, kisha kunijia mimi. Alijua. Aliniona waziwazi, akachagua. Na mimi ninayetaja ugonjwa wa frigo kwa kuigusa ubavu, muda wote huo nilikuwa nimepapasa bati lisilo lenyewe.

"Ulimchukia?" nilimuuliza.

"Asubuhi ile ya treni alinifunga nywele. Alizifunga, akazifungula, akazifunga tena. Sasa nitamuchukia namna gani?" Alilichukua tena chekeche. "Ule ujumbe wako, wa samaki. Nilitoka na kichwa mu dirisha ku kila gare mpaka hapa. Sikumuona wa kumupatia."

Nilitaka kuomba msamaha, lakini sikujua tena ni wa kitu gani. Nilikuwa nimekuja kulipa, na mwenye deni hilo hasa, mama, alikuwa kaburini, amevaa moja ya zile nguo za kanisa alizokuwa akizitunza ndani ya frigo.

Jua lilikuwa bado juu. Yaya Solange alifungua frigo yake, akaingiza mkono wote mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Ukungu mwembamba ulikuwa umeanza kushika kwenye bati, mweupe, mchanga. Aliupapasa kwa kidole.

"Na barafu ikikuwa mingi," aliuliza bila kunigeukia, "naitosha inje na nini?"

Alikuwa akijua. Alikuwepo siku ile, na beseni lilikuwa lake. Lakini nilimjibu kama ninavyowajibu wateja, kwa sauti ya mwenye diploma, ingawa maneno yalikuwa ya Tata Mutombo:

"Hautie kisu, yaya. Unafungula mulango, unangoya."

Akafunga mlango taratibu, akaujaribu kama unakamata.

"Kungoya," alisema, "mi niko najua."